Si kila mchimbaji ni mgonjwa

Wandugu wachimbaji, na ninyi familia zetu hapa Baraka, tangu mpox ilipotokea Kamituga mwezi wa 9, 2023, tunasikia neno moja tu: ugonjwa uko na watu wa dhahabu. Mtu akishuka kutoka Misisi, majirani wanamukimbia. Sisi wa sandika tunasema: hesabu hiyo wameigeuza.

Kufikia mwezi wa 1, 2024, madaktari walihakikisha wagonjwa 108 kule Kamituga. Karibu 29 kwa 100 kati yao walikuwa watu wanaouza mwili. Wengine wakaelewa kwamba kila 100 wa kazi ile, 29 wanaugua. Hapana! Ile ni sehemu ya wagonjwa, si sehemu ya wenye kazi.

Tuchukue mfano. Kijiji kiko na watu 1.000, na 500 ni wachimbaji. Wagonjwa ni 10, na 7 kati yao ni wachimbaji. Basi katika wagonjwa, wachimbaji ni 70 kwa 100. Lakini katika wachimbaji, wagonjwa ni 7 kwa 500: haifiki hata 2 kwa 100. Ndiyo, hatari yetu inapita ya wengine, ambao ni 3 kwa 500. Lakini wachimbaji 493 ni wazima. Kwa nini wafukuzwe?

Tunaomba wakubwa wa zone ya afya: mukitangaza wagonjwa wa kazi fulani, mutaje pia hesabu ya wote wanaoifanya. Na wewe mwenye homa na vipele, usijifiche juu ya maneno ya watu. Nenda kwa muganga mapema.