Tofauti si Hukumu

Mara nyingi sisi walimu huweka nakala mbili za orodha ya alama katika kompyuta, kisha hufuta moja kwa kutazama tarehe tu. Desturi hii ni ya hatari. Amri ya diff, waliyoibuni Douglas McIlroy na James Hunt huko Bell Labs, Marekani, katika miaka ya 1970, hulinganisha faili mbili mstari kwa mstari. Ikiandikwa diff -r, hulinganisha saraka mbili na yote yaliyomo. Walakini amri hiyo huonyesha tofauti tu, haihukumu. Mtoto akiwa na 47 huku na 74 kule, ni wajibu wetu kuirejea karatasi yake ya mtihani kabla ya kufuta chochote.