Mpenzi, Kazini Una Mkataba?

Wapenzi siku hizi tunaulizana kila kitu. Umepima? Una mtoto nje? Simu hiyo ya nani? Swali moja tu tunaliogopa: mpenzi, kazini una mkataba?

Nimekaa vikao vingi vya harusi hapa Dar. Kadi za michango zinagawiwa, bwana harusi anasifiwa ana kazi nzuri. Mvute pembeni: mwaka wa pili yuko kwenye "majaribio", mshahara anapewa kwenye bahasha, karatasi hana. Kudai hathubutu, maana bosi keshamwambia nje ya geti wapo mia wanaoitaka nafasi yake.

Simlaumu. Ajira ni ngumu na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Ila bahasha isikudanganye kwamba huna haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi: cheo, mshahara, saa za kazi. Kanuni za 2007 zinasema majaribio yasizidi miezi 12. Mkifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na mwajiri hana maandishi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini ni wake. Wewe tunza ushahidi kwamba ulifanya kazi pale: kitambulisho, meseji za bosi, kumbukumbu za malipo.

Sasa hapa ndipo mapenzi yanapoingia. Kama umeshafanya kazi miezi sita au zaidi na ukafukuzwa bila sababu ya haki, una siku 30 tu za kufungua mgogoro Tume. Wanaume wengi siku hizo wanazimaliza kwa aibu. Kibarua kimeota nyasi, lakini kila asubuhi anapiga pasi shati na kuondoka, mama watoto asijue. Anakuja kusema ukweli mwezi wa pili, muda umeshapita.

Kwa hiyo dada, siku akikwambia kafukuzwa, usianze na "sasa tutakula nini?" Muulize tarehe, muandike, halafu mtafute wote zile meseji. Na wewe kaka, sema siku hiyohiyo. Aibu ya jioni moja ni nafuu kuliko haki ya miaka miwili kupotea.

Tukutane mwezi ujao.