Beto ya ndani ya mvula ni deni kwa watoto wetu

Ndugu wana-Goma,

Mvula ya Septemba ikifika, shantie hazisimami. Bosi anataka kumaliza mbele ya mwisho wa mwezi, maso anatafuta pesa ya chakula ya leo, na beto inamwangwa ndani ya shimo lenye kujaa maji. Kesho ukuta unapasuka, tunasema: "Ni mapenzi ya Mungu." Hapana!

Maji ikizidi, beto inapoteza nguvu. Mvula ikiipiga mbele ikamate, inabeba simenti. Mchanga na mawe vinabaki peke yake. Jiwe letu la volkano ni gumu, lakini fondasio haisimami kwa jiwe tu. Inasimama kwa kile kinachounganisha mawe.

Mji huu ulijengwa upya juu ya lava ya 17 Januari 2002. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilirudi, ikameza nyumba za Buhene, na udongo ukatetemeka siku nyingi. Hapa kujenga vibaya ni kuua.

Kwa hiyo tunadai:

– shimo litolewe maji kwanza;
– bashi iwe tayari mbele ya kufungua mfuko wa kwanza;
– mvula ikinyesha kazi isimame, na maso alipwe siku yake;
– kwa shule na hospitali, wakubwa wapimishe beto, na matokeo yabandikwe pale pale, wazazi wasome.

Kosa haiko ya maso. Iko ya yule anayemkataza kungoja.

Goma ni yetu. Tuijenge vizuri.