Samaki wakihema juu ya maji, tufungue matamvua kwanza

Hapa Likasi, toka Kikula hadi Panda, toka Shituru hadi kule pembeni ambako familia zilizokimbia makwao zimepanga: bwawa la samaki siyo mchezo. Kwa mama asiye na shamba, shimo alilochimba kwa mikono ni karo ya watoto na mboga ya jioni. Ndiyo sababu samaki wakianza kufa, tunatafuta mwenye kosa haraka. Wengine wanasema ni ulozi wa jirani. Wengi zaidi wanasema ni maji ya mgodi.

Siwalaumu. Mji wetu ni wa shaba na kobalti, na maji yanayotoka upande wa viwanda vya Shituru yanaelekea Lufira na ziwa Tshangalele. Lakini kila kifo cha samaki kina alama zake.

Sumu kali ikiingia bwawani, samaki wakubwa na wadogo hufa pamoja, mara nyingi ndani ya saa chache. Vimelea vya matamvua kwa kawaida vinaua polepole: leo watatu, kesho watano. Samaki wanaacha kula, wanakuja juu kutafuta hewa, au wanasongamana pale maji mapya yanapoingia. Ukifungua shavu, matamvua yaliyopaswa kuwa mekundu yamepauka na kujaa ute. Mara nyingi mwenye kosa ni mnyoo mdogo sana, anayejishika kwa ndoano zake. Hahitaji konokono wa kumbeba; anatoka samaki hadi samaki. Bwawa likijaa kupita kiasi, ni sikukuu yake.

Tena anasafiri na vifaranga. Mwaka 2020 watafiti walitoa kazi iliyolinganisha samaki wa zamani waliotunzwa katika makumbusho na samaki wa siku hizi. Waliona kwamba vimelea vya tilapia wa Nile, aliyeletwa Kongo kwa ajili ya ufugaji, vimehamia kwa tilapia wetu wa asili.

Kwa hiyo nasema wazi: anayegawa vifaranga kwa familia za wakimbizi, awe serikali, kanisa au shirika, asigawe bila kuvikagua, wala asiondoke bila kufundisha. Msaada unaokuja na ugonjwa unamwachia mtu deni.

Na sisi wafugaji tufanye sehemu yetu. Vifaranga vipya vikae peke yao wiki mbili au tatu. Baada ya kuvua, bwawa likauke juani na limwagiwe chokaa. Ya Kakontwe tunaijua wote. Wavu wa kuazima ukauke kabla ya kuingia kwako. Dawa ya wadudu wa shamba usiimwage kwa kubahatisha, maana samaki huyo utamla wewe. Mnyoo huyu hamwingii mtu, lakini samaki waliokufa ghafla bila sababu kujulikana wasipelekwe sokoni.

Kufungua matamvua hakuisafishi kampuni yoyote. Siku sumu itakapoingia kweli, atakayesikilizwa ni yule mwenye daftari la vifo, maji yaliyochotwa siku ileile katika chupa safi, na samaki waliokaguliwa. Anayelia sumu kila wiki anawapa wakubwa sababu ya kuziba masikio.