Hasheem Hakutuangusha

Katika semina ya mwisho ya muhula uliopita, mjadala wetu kuhusu sera ya michezo ulimfikia Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyelelewa Kawempe nchini Uganda. Juni 2025 kijana huyo alichaguliwa wa 10 katika drafti ya NBA, ule utaratibu ambao klabu za kulipwa za Marekani hugawana vijana bora wa kila mwaka, na akaishia Phoenix Suns baada ya msimu mmoja tu katika Chuo Kikuu cha Duke. Je, atafaulu? Mwanafunzi mmoja, ambaye kwa kawaida hupima maneno yake, alitoa hukumu papo hapo: "Mwalimu, huyo naye atakuwa Hasheem mwingine tu." Darasa zima likaangua kicheko.

Sikuwakemea, kwa kuwa kicheko hicho nakifahamu. Mwaka 2009 nilikuwa miongoni mwa waliokesha wakishangilia, na miaka miwili baadaye nilikuwa miongoni mwa waliodhihaki. Wanafunzi wangu hawana hata kisingizio hicho. Hasheem Thabeet alipochaguliwa, wengi wao walikuwa hawajaanza darasa la kwanza. Wamerithi dhihaka bila kurithi ukweli. Ninaandika makala haya kwa sababu naamini hukumu yao si ya haki, na kwa sababu kila mwaka wapo vijana warefu wa nchi hii wanaoambiwa kwamba urefu wao ni tiketi. Tukikosea kueleza yaliyompata Hasheem, tutawakosea na wao.

Tuanze na ukweli. Hasheem alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na akasoma Sekondari ya Makongo. Alianza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Alipelekwa Marekani, akamalizia sekondari Houston, na kuanzia mwaka 2006 akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut kwa misimu mitatu. Katika msimu wa mwisho alikuwa na wastani wa alama 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa kila mchezo. Alitajwa mlinzi bora wa kongamano la Big East kwa miaka miwili mfululizo, na mwaka 2009 aligawana tuzo ya mchezaji bora wa kongamano hilo na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Timu yake ilifika nusu fainali ya taifa, ikatolewa na Michigan State. Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili, nyuma ya Blake Griffin, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika hapo kabla yake.

Yaliyofuata ndiyo yanayochekwa. Msimu wa kwanza alicheza dakika 13 kwa mchezo na kufunga alama 3.1. Februari 2010 alipelekwa ligi ndogo ya maendeleo, na hadi wakati huo hakuna aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa huko. Februari 2011 akauzwa Houston, kisha akapita Portland, kisha Oklahoma City. Mwaka 2014 safari yake katika NBA ilikwisha: michezo 224, wastani wa alama 2.2 na ribaundi 2.7.

Mitaani kwetu yapo maelezo mawili ya anguko hilo. Maelezo ya kwanza ni kwamba Hasheem alikuwa mvivu, alilewa fedha, alituangusha. Ya pili ni kwamba alihujumiwa, kwamba Wamarekani hawakutaka Mwafrika ang'are. Maelezo yote mawili ni rahisi kutamka na yote mawili yanatuondolea kazi ya kufikiri. La pili hata halihitaji mjadala mrefu: ligi hiyohiyo ilikwisha kumpa Hakeem Olajuwon wa Nigeria mataji mawili, na Dikembe Mutombo wa Kongo tuzo nne za mlinzi bora. La kwanza ndilo lenye mizizi, na ndilo ninalotaka kuling'oa.

Kosa lake ni kudhani kwamba nyota ya chuoni ni mali ya mchezaji, kitu anachokibeba begani na kwenda nacho popote, hivyo kikipotea basi amekipoteza yeye. Sivyo. Nyota ya chuoni ni uhusiano kati ya mchezaji na wale anaokutana nao. Marekani ina zaidi ya vyuo 300 vinavyocheza daraja la juu la mpira wa kikapu, na drafti huchagua vijana 60 hivi kwa mwaka kutoka dunia nzima. Maana yake ni kwamba wengi mno kati ya wale Hasheem aliowazuia mitupo hawangeweza kamwe kuingia NBA. Kijana wa sentimita 221 akisimama chini ya kikapu mbele ya watu wa namna hiyo, urefu wake peke yake unatosha kuwa hoja.

Sheria nazo zilimbeba. Katika mchezo wa vyuo, mlinzi anaruhusiwa kukaa eneo la chini ya kikapu muda wowote apendao, kama askari wa getini. NBA hairuhusu: asipokuwa anamlinda mtu kwa karibu, lazima atoke eneo hilo kabla ya sekunde tatu kupita. Mstari wa alama tatu nao uko mbali zaidi, uwanja unatanuka, na mtu mrefu analazimika kuhama, kugeuka na kufukuzana na wepesi. Chuoni alicheza dakika 40, michezo 30 na kitu kwa msimu. NBA ni dakika 48, mara 82. Kazi aliyoajiriwa Memphis haikuwa ileile aliyotunukiwa tuzo Connecticut.

Dalili zilionekana mapema, kwa aliyetaka kuona. Februari 2009, Connecticut wakiwa nambari moja nchini, walikutana na Pittsburgh. DeJuan Blair alikuwa na mita mbili tu na kidogo, lakini alikuwa na nyonga nzito na mikono iliyojua kazi. Alipata alama 22 na ribaundi 23. Katika purukushani moja alimbwaga Hasheem sakafuni kwa kumpitisha juu ya bega. Hasheem alimaliza na alama 5 na ribaundi 4. Usiku huo urefu ulikuwa palepale, ila ulikuwa umekutana na mtu asiyeutegemea wala kuuogopa. Miezi minne baadaye wataalamu wa Memphis waliyatazama yote hayo, na bado wakamchagua wa pili. Kama kuna hukumu ya kutolewa, ianzie kwao waliokuwa na mizani mkononi.

Mtu atasema: basi takwimu za chuo hazina maana. Zina maana, ila ni lazima tujue tunaziuliza nini. Mwaka 2006 Adam Morrison wa Gonzaga aliongoza taifa kwa kufunga, alama 28.1 kwa mchezo, akachaguliwa wa tatu. Mwaka 2009 Stephen Curry wa Davidson naye aliongoza taifa, alama 28.6, akachaguliwa wa saba huku wengi wakiutilia shaka mwili wake mwembamba. Morrison, ambaye hakukosa mafunzo wala hakuzaliwa Temeke, hakudumu. Curry akabadilisha mchezo mzima. Alama zao zilikaribiana sana, lakini vilivyozizaa vilitofautiana. Curry aliweza kupiga kutoka mbali, kwa haraka, akiwa anatembea na mpira, na ujuzi huo hauhitaji mpinzani awe dhaifu au mfupi. Unasafiri. Kwa hiyo swali la kumuuliza nyota wa chuo si amefunga ngapi. Ni hili: akikutana na watu walio sawa naye kwa kimo, kasi na nguvu, atabaki na nini?

Hapo ndipo msomaji makini atanipinga kwa majina niliyoyataja mwenyewe. Olajuwon naye aliuanza mchezo huu akiwa kijana mkubwa Lagos. Mutombo naye hakuzaliwa na mpira mkononi Kinshasa. Alifika Georgetown akikusudia kusomea udaktari. Mbona wao walifaulu? Pingamizi hilo ni zuri, na naliheshimu. Lakini tazama njia waliyopita. Olajuwon alikuwa golikipa wa mpira wa mikono na mcheza soka kabla ya kikapu, miguu yake ilikuwa imekwisha kufundwa. Alipofika Houston alikutana kiangazi na Moses Malone, mmoja wa wachezaji wa kati wakali kuliko wote wa zama zile, na akapambana naye katika ukumbi mmoja wa mtaani. Mutombo alifanya mazoezi pamoja na Alonzo Mourning, ambaye baadaye naye alikuwa nyota wa NBA. Kwa maneno mengine, kila mmoja wao alikuwa na mtu aliyemnyang'anya faida ya mwili kabla ligi haijamnyang'anya. Walilazimika kujifunza kilicho zaidi ya kimo, wakati kukosea kulikuwa bado hakuna gharama.

Hasheem alipofika mahali pa kujifunza hilo, muda ulikuwa umekwisha. Memphis walikuwa na Marc Gasol katika nafasi yake, na kiangazi kilekile wakamleta Zach Randolph. Mchezaji aliyehitaji dakika nyingi za kukosea alipewa benchi. Simsafishi kwa kila kitu. Mtu mzima mwenye mkataba wa mamilioni anawajibika kwa mwili wake na mazoezi yake, na wapo waliopewa dakika chache kuliko zake wakazitumia vizuri zaidi. Lakini kati ya kusema kwamba hakutosha na kusema kwamba alituangusha kuna umbali mkubwa. Ili mtu akuangushe, ni lazima kwanza uwe umemshika.

Je, sisi tulimshika wapi? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mpira wa kikapu hujengwa na miguu, viganja na macho ya mtoto wa miaka minane, tisa, kumi. Katika umri huo Hasheem hakuwa amewahi kuucheza mchezo huu. Na leo? Ndugu zangu watumishi wa umma mnaosimamia elimu, piteni katika shule za msingi za wilaya zenu mhesabu zenye nguzo mbili za kikapu zilizosimama wima. Tunayo mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, na ni urithi mzuri. Lakini mashindano hupima kilichopandwa, hayapandi. Mtoto anayeshika mpira wiki mbili kabla ya mashindano hajafundishwa, amekusanywa tu. Kisha akirefuka ghafla akiwa na miaka 16, anatokea mtu mwenye pasipoti na ahadi, nasi tunampungia mkono uwanja wa ndege kana kwamba tumetimiza wajibu.

Ndugu zangu wanaharakati, hapo nanyi mna kazi. Kijana huyo anapoondoka, nani anasoma karatasi anazosaini mzazi wake? Nani anauliza kama shule anayopelekwa itamfundisha, au itamtumia urefu wake misimu miwili na kumwacha bila cheti? Haki za mtoto haziishii pale mtoto anapozidi mita mbili.

Sasa nirudi kwa Maluach, maana niliulizwa nami sikujibu. Duke alikuwa akifunga zaidi ya asilimia 70 ya mitupo yake, lakini nyingi zilikuwa za karibu kabisa, zile ambazo kimo huzirahisisha. Aprili 2025, katika nusu fainali ya taifa dhidi ya Houston, hakupata hata ribaundi moja. Huo ni usiku wake wa Pittsburgh, na hatupaswi kuuficha. Hata hivyo nasema anaweza kufaulu, na sababu yangu haitokani na takwimu za Duke. Inatokana na yaliyotangulia Duke. Aliuanza mchezo Uganda, akalelewa katika akademia ya NBA nchini Senegal, akacheza na watu wazima katika Ligi ya Mpira wa Kikapu Afrika, na akiwa na miaka 17 alikuwa Paris na timu ya taifa ya Sudan Kusini katika Olimpiki ya 2024. Amekwisha kukutana na watu ambao urefu wake hauwashangazi. Kilichobaki ni uvumilivu wa klabu yake, na jitihada zake mwenyewe.

Tofauti kati ya vijana hao wawili inapimwa kwa miaka, na miaka hiyo waliipitia barani Afrika, si Connecticut wala Duke. Hasheem alitoka Makongo na ujuzi mchache na akafika nafasi ya pili duniani katika rika lake. Baada ya NBA hakuuacha mchezo. Aliucheza Japani na Taiwan akiwa amepita miaka 30. Mtu huyo alikwenda mbali kuliko tulivyomwandaa.

Muhula ujao nitakutana na mwanafunzi wangu yule. Nitamwomba arudie sentensi yake, kisha nitamwuliza swali moja tu: katika shule ya msingi aliyosoma, kikapu kilikuwa wapi?

Naomba kuwasilisha.