Mwenye Kiwanda na Moshi Wake



Juma lililopita, nilipokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu habari za mvuke, kijana mmoja aliinua mkono akauliza: «Mwalimu, kama moshi wa kiwanda unawaumiza watu, na mwenye kiwanda ni tajiri, nani atamwambia aupunguze?» Wenziwe walicheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo limewasumbua watawala wa nchi kubwa. Wengi hujibu upesi: serikali itunge sheria, na asiyeitii aadhibiwe. Jibu hilo ni jema, wala silikatai. Lakini sheria huchukua miaka kutungwa, na tajiri ana mawakili. Kwa hiyo huko Marekani walijaribu pia njia nyingine, yaani kumshawishi mwenye kiwanda apunguze moto na moshi kwa hiari yake. Leo tuitazame njia hiyo.

Katika jimbo la Louisiana, karibu na mto Mississippi, kampuni ya Dow ilikuwa na viwanda vikubwa vya kemia, vyenye wafanyakazi wapatao 2,400. Mwaka wa 1981, injinia mmoja aitwaye Ken Nelson alianzisha huko mashindano. Hayakuwa mashindano ya mbio wala ya mpira. Kila mfanyakazi aliyejua mahali ambapo moto, mvuke au umeme ulipotea bure, alialikwa kuleta shauri la kuzuia hasara hiyo. Sharti lilikuwa kwamba fedha zitakazotumika zirudi upesi.

Mwaka wa kwanza mashauri 27 yalishinda, nayo yakaleta faida ya 173 kwa mia kwa mwaka. Ninyi wanafunzi, fanyeni hesabu: ukiweka franka 100 katika kazi hiyo, mwaka mmoja tu utakuletea franka 173. Ni mfanyabiashara gani wa sokoni kwetu apataye hivyo? Wakubwa walidhani ni bahati tu, na kwamba mwaka wa pili hapatapatikana kitu. Kumbe mwaka huo wa pili mashauri 32 yalileta 340 kwa mia! Mashindano yaliendelea mpaka Bwana Nelson alipostaafu mwaka wa 1993. Katika miaka hiyo 12 mashauri karibu 900 yalitekelezwa, na faida ya yale yaliyokaguliwa kwa wastani ilikuwa 204 kwa mia.

Labda utauliza: hasara hiyo yote ilikuwa imejificha wapi, hata mainjinia wenye diploma wasiione? Sijui vyema kila shauri la Louisiana, lakini upotevu wa viwandani unajulikana. Chukua mvuke. Mabomba ya mvuke huwekewa vali ndogo za kutoa maji yaliyopoa huku zikiuzuia mvuke usitoke. Vali hizo huharibika kimyakimya. Katika kiwanda ambacho hakikuzitunza kwa miaka mitatu hata mitano, 15 mpaka 30 kwa mia ya vali hizo zaweza kuwa zimeharibika, nao mvuke hutoka usiku na mchana. Moto ulioupika mvuke huo umewashwa bure, na moshi wake umewaingia watu vifuani bure.

Hewa iliyosindikwa ni vivyo hivyo. Viwanda huisindika kwa mashine ili isukume vyombo vya kazi, na mara nyingi 20 mpaka 30 kwa mia ya hewa hiyo huvuja njiani. Namna moja ya kutafuta tundu lake mnaijua ninyi nyote mlio na baiskeli: paka maji ya sabuni juu ya bomba, utazame povu linapochemka.

Tena kuna pampu na feni. Wengi huziendesha kwa nguvu zote, kisha huziba njia ya maji au ya hewa kwa vali ili ipungue. Ni kama dereva akanyagaye mafuta na breki kwa pamoja. Lakini feni ikipunguziwa mwendo mpaka nusu, nguvu inayotumia hushuka, si mpaka nusu, bali mpaka karibu sehemu moja ya nane. Nilipowaeleza wanafunzi jambo hili hawakusadiki, hata tukazidisha ubaoni nusu mara nusu mara nusu.

Asikiaye mlio wa mvuke unaovuja ni yule asimamaye karibu nao saa nane kila siku. Mkurugenzi hukaa mbali, mbele ya karatasi. Basi nguvu ya mashindano yale, kwa maoni yangu, ilikuwa hapo, katika kumuuliza mtu ambaye kwa kawaida haulizwi. Akina baba mfanyao kazi viwandani mtanielewa.

Hata hivyo msinielewe vibaya. Hayo yalikuwa mapatano mepesi, maana faida ya mwenye kiwanda na faida ya jirani zilikwenda njia moja. Ugumu huanza pale ambapo sumu haina bei, na kuipunguza ni gharama tupu.

Kwa jambo hilo kuna mfano mwingine. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ya sumu ilitoka katika kiwanda cha dawa za kuulia wadudu mjini Bhopal, India, ikaua maelfu ya watu waliolala nyumbani mwao. Kiwanda kilikuwa cha tawi la kampuni ya Kimarekani, nao Wamarekani wakaanza kujiuliza viwanda vya mitaani mwao vinaficha nini. Mwaka wa 1986 bunge lao lilitunga sheria ya kuwajulisha raia: viwanda vingi vililazimishwa kuandika kila mwaka ni sumu gani vimeitoa na kwa kadiri gani, na hesabu hizo zikatangazwa kwa watu wote. Sheria hiyo haikukataza kutoa sumu. Ilikataza kuificha.

Ndipo mwaka wa 1991 Idara ya Kulinda Mazingira ikayaandikia makampuni mengi, ikayaomba yapunguze kwa hiari sumu 17, miongoni mwake risasi, zebaki, kadimiamu na benzeni. Mwaka wa kulinganishia ulikuwa 1988, ambapo sumu hizo zilifika karibu kilo milioni 680. Waliombwa kupunguza 33 kwa mia kufikia mwaka wa 1992, na 50 kwa mia kufikia mwaka wa 1995. Makampuni karibu 1,300 yaliitika. Nusu ile ilifikiwa mwaka wa 1994, mwaka mmoja kabla ya wakati.

Wakubwa walishangilia, nao walikuwa na haki kiasi. Lakini wakaguzi walipozichambua hesabu waliona kwamba sehemu kubwa ya upungufu ilitokea kabla ya mwaliko, na sehemu nyingine ilitoka kwa makampuni yasiyoahidi lolote. Basi ni mwaliko uliofanya kazi, au ni ile orodha iliyobandikwa mbele ya macho ya majirani? Mimi naelekea upande wa orodha. Mtu huahidi kwa urahisi mahali ambapo hakuna atakayepima.

Idara hiyohiyo ilifanya mwaliko mwingine mwaka wa 2010, safari hii juu ya nishati: kiwanda chochote kilichopenda kilipewa miaka mitano kupunguza 10 kwa mia ya nishati itumikayo kwa kila kipimo cha mali kinachotengeneza. Nasisitiza maneno hayo ya mwisho. Kiwanda kilichotumia magunia 100 ya makaa kutengeneza tani 100 za saruji, kikitumia magunia 90 kwa tani hizohizo, kimeshinda. Lakini kikitengeneza sasa tani 200, kitachoma magunia 180, na moshi umezidi. Cheti kitatundikwa ukutani, na mama aanikaye nguo nyuma ya ukuta ataziona zimeingia masizi kuliko mwaka jana.

Hayo ndiyo niliyomjibu yule kijana, kwa maneno machache zaidi. Akafikiri, kisha akauliza kama kwetu kuna orodha ya namna hiyo, na inabandikwa wapi. Kengele ikalia. Nimemwahidi tutalirudia swali lake siku ya Jumatatu.