Anayeshuka Milima ya Masisi Aijue Breki Yake

Mwenye gari anayebadilisha mwenyewe diski na pedi za breki za nyuma uani kwake huonekana mjini kama mbahili au mkaidi: mafundi wapo, gereji zipo, kwa nini ajipake vumbi? Wilayani Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, lawama hiyo haina mashiko. Gari linalotoka Goma na kupita Sake hupanda milima inayozidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha likielekea Walikale huteremka hadi kwenye msitu ulio chini ya mita 1,000. Gari la tani 2 likishuka mita 1,000 kwenda chini, nishati inayopaswa kuzuiwa njiani yatosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji. Dereva anayeshuka kwa gia nzito huiachia injini sehemu ya mzigo huo. Unaobaki hugeuka joto ndani ya breki. Kwa hiyo nasema wazi: kwenye barabara za namna hii, kujua kuifungua breki ya nyuma, kuikagua na kuibadilisha ni sehemu ya udereva, na leseni isiyopimwa kwa ujuzi huo ina pengo.

Nimeitaja breki ya nyuma makusudi, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa. Wanaoidharau wana sehemu ya ukweli: gari likifunga breki uzito husogea mbele, na breki za mbele hufanya kazi kubwa zaidi. Lakini gari la Masisi halisafiri tupu. Magunia ya maharage na viazi yamelala nyuma, na juu yake watu, hivyo gurudumu la nyuma limekandamizwa kuliko mtengenezaji alivyokusudia. Tena breki ya mkono kwa kawaida hushika magurudumu ya nyuma. Kwenye magari mengi yenye diski nyuma, kama Land Cruiser Prado, viatu vyake vidogo vimo ndani ya kitovu cha diski hiyohiyo. Kwenye mengine imeunganishwa na kalipa inayobana pedi. Ukiona gari limeegeshwa mteremkoni na utingo anakimbilia jiwe la kuziba gurudumu kila mara, breki ya nyuma imekwisha kutoa taarifa yake. Jiwe ni tahadhari njema likiongezwa juu ya breki nzima. Likiwa mbadala wa breki, watoto wanaopita nyuma ya gari hilo wamo hatarini.

Tope la huku lina ubaya wake wa pekee. Huingia kwenye pini zinazoiachia kalipa iteleze, pini zikakwama, na pedi ya ndani ikalika hadi chuma wakati ya nje bado nene. Anayechungulia kupitia matundu ya rimu anaona pedi nzuri na kuondoka na moyo mtulivu. Ukweli hupatikana gurudumu likivuliwa. Diski nayo huwa na unene wa mwisho, na mara nyingi kipimo hicho kimechongwa kwenye chuma chenyewe. Ikipungua chini ya hapo hupata joto upesi na huweza kupasuka. Ndiyo maana kutia pedi mpya juu ya diski iliyokonda ni kupoteza fedha mara mbili.

Pingamizi la kwanza ni zito: breki si mahali pa kujifunzia. Nakubali, na ndiyo maana nataka kujifunza kuwe na utaratibu. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu ya mbele yazibwe, na mwili wake ukae juu ya stendi au magogo imara, kamwe si juu ya jeki peke yake. Kalipa ifungwe kwa waya isining'inie kwenye mpira wake. Pistoni nyingine hurudishwa kwa kusukumwa, nyingine kwa kuzungushwa, na kwenye gari lenye breki ya mkono ya umeme usiguse chochote kabla ya kuiachia kwa kifaa chake. Pande zote mbili zibadilishwe pamoja, pedali ikanyagwe hadi ikaze kabla gari halijasogea, kisha breki ijaribiwe polepole mahali pasipo watu. Mabomba, pampu kuu na mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge tuwaachie mafundi. Hatari kubwa iko kwa yule asiyejifunza, ambaye mbele ya breki inayovuja huziba bomba la gurudumu moja na kuendelea na safari, au hujaza maji mahali pa mafuta ya breki. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu kiwango hicho huweza kushuka hadi karibu 155, na maji matupu huchemka mapema zaidi. Yakichemka mteremkoni, pedali huzama hadi sakafuni.

Waendesha chukudu wa Kivu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, hawahitaji kushawishiwa. Breki yao ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, kinachokandamizwa kwa mguu, na anayeshusha mzigo mlimani hukikagua mwenyewe kwa sababu mwili wake ndio ulio juu ya magurudumu.

Wengine watasema tatizo ni barabara na vita, wala si pedi. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na Machi wapiganaji wao wakafika Walikale mjini kabla ya kuondoka Aprili. Katika hali hiyo nani anazungumzia spana? Mimi naona vita vinaipa hoja yangu uzito. Njia ya vipuri inapokatika na fundi anapokimbia, gari linabaki na dereva wake tu. Barabara itajengwa na wengine, lini hatujui. Pedi inalika leo.

Kuhusu gharama, nina huruma na mwenye gari lakini si sana. Pedi za bei ya chini zisizo na jina la kiwanda huweza hata kuwa na asbesto, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema husababisha saratani katika aina zake zote. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo; lilowanishwe na kufutwa. Kikwazo kikubwa zaidi ni hesabu ya siku. Dereva anayedaiwa na mwenye gari kiasi maalumu kila jioni hatasimamisha gari nusu siku kuvua magurudumu, hata akijua kila kitu nilichoeleza. Chama cha madereva, ACCO, kina nafasi ya kudai kwamba siku ya kukagua breki isihesabiwe kuwa deni, na taasisi ya mafunzo ya ufundi, INPP, inaweza kuwafundisha madereva kazi hii moja bila kuwageuza kuwa mafundi. Matajiri wa magari wataanza kwa kukataa. Waulizwe basi, mbele ya abiria wao, ni lini magurudumu ya nyuma yalivuliwa mara ya mwisho.